Viluwiluwi wa Uani kwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakiezeka nyumba na kuazimana chumvi, Nguchiro alipewa kazi ya kukagua maji kijijini. Kila Alhamisi alipita nyumba kwa nyumba akichungulia mitungi, vifuu na madimbwi. Akiona viluwiluwi wa mbu, humwambia mwenye nyumba amwage maji, naye humwaga.

Isipokuwa Mzee Kiboko.

Kiboko alikuwa mvivu wa kwenda mtoni. Uani kwake alipanga mitungi saba mikubwa ya kukinga mvua, yote wazi. Mbu wakapafanya kwao. Wakazaliana humo, wakakua, wakaruka kwenda kung'ata kwa jirani. Na jirani mwenyewe ndiye Nguchiro.

Binti yake, Chiku, alikuwa ameshaugua homa ya mbu mara mbili msimu ule. Ya pili ilimlaza siku tisa. Nguchiro, mama mtu, aliiogopa ya tatu, tena aliiogopa hasa.

"Hodi!" Nguchiro akabisha kwa Kiboko.

"Karibu. Umekuja tena na macho yako?"

"Shikamoo, mzee. Nimekuja na macho na maombi. Mwaga maji haya, mwanangu ataniponyoka."

"Marahaba. Mbu gani hao?" Kiboko akajipiga ubavuni, pwaa! "Ngozi hii, mbu akiigusa anarudi kwao kibogoyo. Mwanao mfunike shuka. Maji yangu simwagi!"

Nguchiro akameza hasira. Kila mtungi ulimzidi kimo, angeusukuma vipi? Akaparamia ukingo, akachungulia. Mamia ya viluwiluwi walijinyonganyonga humo, nyiri nyiri nyiri. Mara akapata akili.

"Loo! Hongera, mzee!"

"Hongera ya nini?"

"Umejaliwa viluwiluwi."

Kiboko akakodoa macho. "Viluwiluwi? Si watoto wa Chura hao?"

"Watoto wa Chura huitwa viluwiluwi," Nguchiro akajibu taratibu. "Hilo nani asiyelijua?"

Kiboko akameza mate. Hata nyinyi mngemeza, maana desturi ya kijiji kile ilikuwa hivi: mtoto akizaliwa uani kwako, wajomba zake ni wageni wako hadi arobaini yake. Wanakula kwako, wanalala kwako. Na ukoo wa Chura mnaujua. Wengi ajabu, na wote waimbaji!

"Wajomba zao ni wangapi?"

"Mimi nilijaribu kuwahesabu nikachoka."

"Na huimba mchana?"

"Kroo! Kroo! Kuanzia adhuhuri."

"Wakati wa usingizi wangu!"

"Haya, mzee, naaga. Leo nakagua na kwa Chura."

Hakufika mbali. Alisikia nyuma yake vishindo, tih! tih! tih! Kiboko yule yule mvivu alikuwa amekumbatia mtungi, anakimbilia mtoni. "Nendeni kwa mama yenu!" Bwaa! Samaki wakawapokea viluwiluwi kwa midomo wazi. Akaenda na wa pili, na wa tatu, hadi wa saba. Kisha akaipindua mitungi yote juu chini, Chura asipate tena pa kuzalia.

Majuma matatu yalipita. Siku moja Chura alipita njiani, Kiboko akamwambia, "Watoto wako niliwarudisha mtoni."

"Wangu? Wangu wana vichwa vya duara kama kunde. Uliokuwa nao wewe walikuwaje?"

"Wembamba. Wananing'inia kwenye uso wa maji na kujinyonganyonga."

Chura akacheka hadi akakaa chini. "Hao ni viluwiluwi wa mbu, ndugu yangu!"

Kiboko akaenda kwa Nguchiro akifura. "Umenidanganya!"

"Nilisema viluwiluwi, mzee. Wa Chura ulisema wewe."

Kabla Kiboko hajajibu, Chiku alitoka ndani. "Shikamoo, babu." Miguu yake ilikuwa miembamba bado, lakini alisimama mwenyewe.

"Ndiye huyu aliyekuwa mgonjwa?" Kiboko akauliza.

"Ndiye. Tangu mitungi ile ipinduliwe, homa haijarudi."

Kiboko akainama mbele ya Chiku. Hakuwahi kumtazama mtoto yule kwa karibu, na aibu ilimshika. Akaomba maji. Chiku akafunua kawa juu ya mtungi wao, akamchotea, akafunika tena.

"Kawa hilo amelisuka nani?"

"Mama."

Kiboko akamgeukia Nguchiro. "Nisukie saba," akasema.

Basi wanangu, maji unayoyaacha wazi kwako yanaweza kumlaza mtoto wa jirani.