Ndama Aliyeonekana Kutoka Msibani

Kaeni vizuri. Na wewe unayependa kuamua kabla hujasikiliza, funga mdomo kwanza.

Mama Syabumi wa Tukuyu alikuwa na watoto watatu wakubwa. Gwakisa alijua kufungua njia. Subilaga alijua kufuatilia kinachohama. Lusekelo, mbishi kweli huyo, alijua kutuliza kisichotulia.

Ng'ombe wa mama alikuwa karibu kuzaa. Mwaka uliotangulia ndama alifia tumboni kwa sababu hakuna aliyeona, na ng'ombe mwenyewe akaponea chupuchupu. Safari hii ukatokea msiba Kyela, na kwao msiba wa ndugu haubakizi mtu nyumbani. Hata majirani walikwenda. Mama akawaambia wanawe, "Niwekeeni jicho zizini. Ndama akipona, ni wa aliyeniwezesha kumwona."

Wakafunga kamera zizini. Lakini simu iliyo mbali haifiki kwenye kamera. Inaishia kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Gwakisa akaiagiza ruta: anayebisha hodi kwenye mlango huu, mpeleke moja kwa moja kwenye kamera ya zizini.

Subilaga akamcheka. Kila umeme ukikatika, kampuni ya intaneti huipa nyumba anwani mpya ya mtandaoni, na mama atabaki anabisha hodi kwa watu. Akaipa nyumba jina, akaweka programu ya kulifungamanisha na anwani kila inapohama.

Lusekelo akauliza kama wamelala. Kamera nayo ruta huijua kwa namba yake ya humo nyumbani; ikizimika na kuwaka hupewa nyingine, ile ya zamani ikachukuliwa na televisheni, na ruta itampeleka mama huko. Akaitengea kamera namba moja isiyobadilika.

Mchana, msibani, umeme wa Tukuyu ukakatika. Simu ya mama ikawa nyeusi. Wenzake wanamlilia marehemu, yeye anamlilia ng'ombe, na aibu imemjaa.

Umeme ukarudi. Anwani ya nyumba ilikuwa imeshabadilika. Mama akagusa lile jina, roho juu. Picha ikaja: ng'ombe amelala, mguu mmoja wa ndama umetoka, wa pili hauonekani. Akampigia bwana mifugo aliyebaki Tukuyu. Akamwona akiingia zizini, akipiga magoti, akirekebisha, akivuta. Ndama jike akaanguka kwenye majani, hajitikisi. Mama akaisogeza simu karibu na macho. Kisha sikio likacheza.

Waliporudi, wote watatu wakaishika kamba ya ndama, na hakuna aliyekubali kuiachia. Kila mmoja alisema bila yeye mama angeona giza, na kila mmoja alisema kweli. Mama aliwatazama mpaka machozi yakamtoka.

"Niliahidi mmoja," akasema, "na sasa ninaogopa kupoteza wawili."

Haya, wewe uliyekuwa unanong'ona tangu mwanzo. Shika kamba hii. Unamkabidhi nani?