Kengele ya Mwalimu Vasanti

Waswahili hatuna uchoyo wa pole. Aliyejikwaa hupewa, mwenye mafua hupewa, hata anayetoka kazini salama salimini hupewa. Lakini wapo wanaojitafutia balaa kwa mikono yao wenyewe, na hao pole huwapita kando. Mmoja wao ni Mwalimu Vasanti, mzaliwa wa Moshi, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Thamesmead, London, kwa miaka kumi na tisa.

Kengele yake ilipolia, lango lilifungwa, na asiyewahi alikiona cha mtema kuni. Asubuhi moja ya mvua alifika Gaudensia, mkunga wa zamu ya usiku, akihema pamoja na bintiye Placida.

“Shikamoo, Mwalimu. Mzazi alichelewa kujifungua, sikuweza kumwacha. Dakika mbili tu!”

“Watoto huzaliwa kila siku, Mama Placida. Kengele yangu hulia mara moja. Kanuni ni kanuni.”

Akawaacha mvuani nusu saa nzima.

Alipostaafu, Vasanti aligombea udiwani, cheo alichokitamani tangu ujana. Fomu ilitaka sahihi za wapiga kura kumi wa kata anayogombea, na mwisho wa kuipokea ulikuwa saa sita mchana. Siku yenyewe, saa tano kamili, karani akamrudishia: mdhamini mmoja, Mzee Chaman, alikuwa mkazi wa kata jirani. Miaka yote hiyo Vasanti anakunywa chai kwake, kumbe barabara inayotenganisha nyumba zao ndiyo mpaka!

“Kishor, kwa nini hukukagua?” alimfokea mumewe garini.

“Nilikuambia tukague. Ukasema wewe hukaguliwi.”

Wakabisha milango saba. Watu walikuwa kazini. Vasanti alikasirika, akailaani London na watu wake wote. Mlango wa nane ukafunguliwa na Placida, aliyekuwa likizo ya Pasaka.

“Mwamshe mama yako, mwanangu. Dakika mbili tu.”

Placida alielewa Kiswahili, ila alijibu kwa Kiingereza, kwa adabu: mama ametoka zamu, na ameagiza asiamshwe kabla ya saa sita. Vasanti akafoka, kisha akabembeleza. Mtoto akatikisa kichwa. Kanuni ni kanuni. Si Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewafundisha? Akaufunga mlango polepole, bila kuubamiza, kama walivyofunzwa shuleni.

Milango iliyobaki nayo haikufunguka. Saa sita na dakika mbili Gaudensia akatoka, kitenge begani, akasikiliza kisa chote.

“Ningetia sahihi, Mwalimu,” alisema. “Haki ya Mungu, ningetia.”

Vasanti akaitazama fomu, machozi yakimlengalenga. Akamtazama Gaudensia, akamgeukia mumewe, akingoja lile neno moja ambalo hata mwenye mafua hupewa. Gaudensia akainamisha macho. Kishor akawasha gari.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.