Kihenge cha Matika

“Kihenge kisichofunguliwa hulisha fukusi.” Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule aliyelitunza shati lake jipya sandukuni mpaka limembana mabega, mkacheka, na sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni basi, ila mikono iendelee kupukuchua. Hadithi haijawahi kumzuia mtu kazi. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mwanamke huko Ugogo, katika nchi ambayo mvua huja inapojisikia, jina lake Matika. Alipokuwa msichana, njaa ilipita kijijini kwao ikamchukulia wadogo zake wawili. Yeye aliponea mizizi ya porini, na tangu hapo hakuweza kuona mtama ukimwagika chini akanyamaza. Alipoolewa, jambo la kwanza alilomdai mumewe ni kihenge cha akiba, mbali na kile cha kulia kila siku. Kikasukwa kihenge kikubwa, hata mtu mzima angeweza kusimama ndani yake. Mwaka wa mavuno mema akakijaza mtama mpaka shingoni, akauziba mdomo wake kwa udongo na samadi ya ng'ombe, akasema, “Hiki ni cha njaa. Kisiguswe.”

Watu wa kijiji kile waliamini kwamba ukifungua kihenge cha njaa mwaka wa neema, unaiita njaa yenyewe. Msicheke. Mtu aliyewazika wadogo zake hafanyi mzaha na jambo hilo.

Miaka ikapita, mume wa Matika akafariki, na mwanawe Ndahani akaoa binti mmoja mchangamfu aitwaye Sechelela. Mavuno ya kwanza yalipoingia, Sechelela akamwendea mama mkwe wake.

“Mama, mtama wa kwenye kihenge kile umeitangulia ndoa yangu. Kwa nini tusiule mwaka huu, tukaweka mpya mahali pake?”

“Tuule? Kwani una njaa?”

“Sina, mama. Ndiyo maana naomba sasa.”

Matika akaweka ungo chini. “Mkwe wangu, kihenge cha njaa kikifunguliwa watu wakiwa wameshiba, njaa husikia. Mimi nimeiona ikiingia mlangoni. Wewe umesimuliwa tu.”

Sechelela alikuwa amelelewa vizuri, hakubishana. Aliomba tu apewe kilindo kimoja, lile pipa dogo la gome la mti, awe na akiba yake mwenyewe. Kila mavuno alikimwaga chote, akaupika mtama wa zamani, akauanika mpya mpaka punje zikalia kati ya meno, akauchanganya na majivu na kujaza tena. Matika alimcheka hata mbele ya majirani: “Mwaona mkwe wangu? Anakula akiba yake kila mwaka, kisha anasema anaweka!” Na majirani nao wakacheka.

Kisha mvua ikakata, mwaka wa kwanza na wa pili. Kihenge cha kulia kikafagiliwa mpaka chini. Jirani zao walianza kuhama, lakini Matika alitulia kabisa. Aliwaambia wajukuu, “Sisi tunacho,” na asubuhi moja akawaita wote washuhudie. Akaupasua udongo kwa jembe, akazamisha mkono mpaka begani.

Ukatoka na unga wa kijivu, na fukusi wakitembea vidoleni. Akachota tena, chini zaidi. Maganda matupu. Ndahani akakisukuma kihenge, kikaanguka upesi kama kapu la pamba.

Matika akaketi palepale. Aibu ilimuuma, lakini hofu ilimuuma zaidi, maana alipowatazama wajukuu aliziona nyuso za wadogo zake.

“Nimewalisha wadudu,” akasema. “Miaka yote hii nimewanyima wanangu, nikawalisha wadudu.”

Sechelela angeweza kusema mengi. Mimi ningesema, wallahi. Yeye akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. “Mama, kilindo kipo. Ni kidogo, ila mtama wake ni mzima. Tukipika uji mwepesi mara moja kwa siku, utatufikisha mahali.”

Siku ileile Ndahani akawaswaga mbuzi waliobaki pamoja na punda wao, akaenda kuhemea, kubadili mbuzi kwa chakula, katika nchi za mbali zilizopata mvua. Nyumbani kilindo kikawa kinapungua. Matika akaanza kuwapa watoto bakuli lake, akidai ameshakula, mpaka Sechelela akamkemea: “Kunywa, mama. Tukikuzika wewe, nani atawagombeza hawa wakimwaga mtama?” Matika akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akanywa. Uji ulikuwa umebaki maji yenye rangi tu Ndahani aliporudi, punda amelemewa na mtama. Aliwakuta wote wamekonda, lakini wote walikuwa hai.

Mvua iliporudi, wakakijaza kihenge upya na kukiziba. Mavuno yaliyofuata yakawa makubwa kuliko yale, uwanja ukajaa mtama. Jirani mmoja akapita na kumkuta Matika amesimama mbele ya kihenge cha njaa, jembe mkononi.

“Matika! Utatuitia njaa!”

Hofu ya utotoni haimtoki mtu kwa sababu tu ameelewa jambo. Lakini aliinua jembe, akapiga, akapiga tena mpaka udongo ukapasuka. Akachota mtama wa zamani, akatia punje mdomoni, akaitafuna. Ilikuwa nzima. Akaujaza ungo, akamkabidhi Sechelela.

“Leo tupike huu, mwanangu. Ule mpya utaingia humu.”

Kisha akamgeukia jirani yake.

“Ndugu yangu, njaa haikungoja nifungue ndipo ije. Ilikuja nimeziba, ikakuta wengine wameshakula. Kihenge kisichofunguliwa hulisha fukusi.”