Mwenyekiti Pimbi na Mablanketi Sita

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na wakwe kama sisi, alikuwepo Pimbi, mdogo wa mwili, mkubwa wa domo. Mimi domo hilo ninalijua, maana ninalo kama hilo.

Kipupwe kilipoanza, mama yake aliyeishi ng'ambo ya mlima alimtumia salamu: "Mwanangu, baridi inanimaliza. Niletee mablanketi."

Pimbi akafunga mablanketi sita, sufuria na kuni. Akajitwika. Puu! Mzigo ukamlalia, miguu ikawa inapiga hewa.

"Nguvu sina," alijisemea huko chini, "lakini maneno ninayo."

Asubuhi akawaita Nyati na Fisi.

"Ndugu zangu, tunaunda Chama cha Wapanda Mlima!"

"Kuna mizigo?" aliuliza Nyati kwa mashaka.

"Mizigo? Mzee Nyati, kuna vyeo!"

Loo! Masikio yakasimama.

"Mimi mwenyekiti. Mzee Nyati, wewe Mkuu wa Mablanketi. Bwana Fisi, Mkuu wa Jiko. Ila mkuu haachani na mali ya ofisi yake. Akiigusa mtu mwingine, cheo kimekwenda!"

Nyati akayarukia mablanketi. Fisi akakumbatia sufuria na kuni. Pimbi akageukia kando, akacheka kwi kwi kwi!

Hawajafika mbali, Fisi akasimama. "Na mwenyekiti, kazi yako ni ipi?"

Pimbi alikuwa amefikiria yote isipokuwa hilo. Akatunisha kifua. "Mimi? Mimi natangulia!"

Hakuna aliyemlazimisha. Ni domo lake tu.

Huko juu nyasi zilikuwa zimeganda barafu, nazo zilimfika masikioni. Upepo vuuu! Meno ka-ka-ka!

"Mzee Nyati, tangulia wewe kidogo."

"Mwenyekiti akae nyuma? Watu watasemaje, Mheshimiwa?"

"Basi nipe blanketi moja tu."

"Nipoteze cheo? Wewe mwenyewe ndiye uliyetunga sheria!"

Pimbi akajicheka kwa ujinga wake, mpaka machozi yakamganda mashavuni.

Walifika jua likiwa bado juu. Mama yake akatoka akitetemeka. Akayatazama mablanketi, akamtazama mwanawe aliyekakamaa kama ukuni. Akamfunika yote sita.

"Mama, nilikuletea wewe," alinong'ona Pimbi.

"Najua, mwanangu. Nyamaza upate joto." Akakaa kando yake, bado anatetemeka. Pimbi akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

Nyati akashangaa. "Kumbe ni ya mama? Si ungesema tu! Tungebeba hata bila vyeo, na wewe tungekubeba mgongoni."

Basi wanangu, ukitaka wenzi wa safari, waombe kwa ukweli, maana ukiwachezea akili utamwumiza yule yule unayempelekea mzigo.