Nyumba ya Makungu na Banda la Mbuzi

Paukwa!
—Pakawa.
Pakawa na nini?
—Pakawa na nyumba.
Ya nani?
—Tuambie wewe.
Basi sogeeni, na wa nyuma wasije wakasema hawakusikia.

Hapo kale palikuwa na kijana akiitwa Makungu, mwenye mali na mwenye kujiona. Alirithi nyumba ya udongo, paa la makuti, upenu mpana, na miarobaini miwili ya kivuli. Akaionea haya. Akabomoa kuta, akabomoa upenu, akakata mwarobaini, ati majani yanachafua ua. Akajenga nyumba ya vioo, paa la bati, madirisha yasiyofunguka. Kilichosalia ni banda la mbuzi huko nyuma, la fito na makuti, chini ya mwarobaini wa pili. Hilo aliliacha kwa uvivu tu.

Makungu alimpenda Mize. Jamani, alimpenda! Hali, halali, ni Mize tu. Na kwa watu wale, posa hujibiwa ndani ya nyumba atakayokaa mke, na haijibiwi mpaka kahawa iishe birikani. Tena mgeni hasemi kasoro ya nyumba ya mwenyeji. Ni aibu kubwa.

Wakaja kujibu posa jua la utosi, Mize na shangazi yake Bi Mwanatenga, msemaji wa ukoo. Makungu akawapokea kavaa sweta. Sweta, nawaambieni, ili waone nyumba ilivyo baridi.

Kikombe cha kwanza, jasho likamtoka kichwani. Akauliza nyumba wanaionaje. Bi Mwanatenga akasema ina baridi nzuri.

Kikombe cha pili, jasho likashuka mgongoni. Akauliza tena. Bi Mwanatenga, leso imemlowa chapachapa, akasema baridi imezidi.

Kikombe cha tatu, jasho likafika kwenye soksi. Hapo Bi Mwanatenga akaanza kutetemeka. Enhe, mama yule alitetemeka! Akasema kwa upole, "Mwanangu, baridi hii itatuulia mtoto wetu. Tuwashie jiko la mkaa tuote."

Angefanyaje? Akikataa, amekiri kuwa nyumba ni tanuri, na Mize ndiyo basi tena. Akawasha. Akapepea mkaa kwa mkono wake mwenyewe, macho kwa Mize, roho mkononi. Birika lilikuwa bado nusu.

Mara akavua sweta, akatoka mbio, akaenda kujitupa bandani katikati ya mbuzi. Upepo ukapenya kwenye fito ukampuliza. Akalia. Alilia kweli, maana alijua amemkosa.

Alipoinua uso, Mize ameketi mbele yake na birika, na shangazi anapangusa kigoda. Wakanywa kahawa polepole mpaka tone la mwisho.

"Nimekubali," Mize akasema.

"Hukuningoja turudi ndani?"

"Posa hujibiwa katika nyumba atakayokaa mke, nami nimejibu hapa. Lipanue banda, litie upenu. Nyumba ile wape mbuzi."

Makungu akawahamisha mbuzi siku ileile. Beberu akatia kichwa mlangoni, akachungulia vioo, akageuka akarudi alikotoka, na wenzake nyuma yake. Mbuzi, mnajua, hana adabu za mgeni.

Hadithi yangu naitua hapa. Atakayeiokota aende nayo kwake, ila asiifungie ndani, aiache ipate upepo.