Kwa Nini Askari wa Mchwa Hulishwa

Hapo kale mchwa wote walikuwa na umbo moja: kichwa kidogo, tumbo la duara na kinywa cha kujilisha. Kila kichuguu kililima uyoga wake gizani, na kila mmoja alijichumia akatafuna.

Kisha siafu wakaanza kuvamia. Jemadari Lugoha akakusanya wenye nguvu wakalinde mpaka, mbali na nyumbani. Mmoja wao alikuwa Sambwe, mume wa Nyamizi. Nyamizi alimfungia uyoga wa njiani, lakini Lugoha aliufungua mzigo akaumwaga.

"Uyoga unaoza, shemeji, tena unanenepesha. Watakula magome makavu. Ni mepesi, hayaharibiki."

"Na miili je, haitaharibika?"

Lugoha alicheka. "Huyu nitakurudishia simba."

Magome yalijaza tumbo bila kuulisha mwili. Kwanza yaliyeyuka mafuta ya mwili, na Sambwe akafurahia wepesi wake. Ikafuata nyama ya miguu, kisha ya mgongo. Mwili ulifanya kama mwenye nyumba wakati wa njaa: uliuza vyote ukabakiza chombo cha kazi. Kidogo kilichopatikana kilikwenda kwenye taya, kwa kuwa ndizo zilizoshinda zikiguguna magome na kuuma siafu. Lugoha naye alikagua jeshi lake kwa kutazama taya tu. Kila zilipokua alisema, "Mnaona? Masurufu yanajenga."

Siafu walishindwa, askari wakarudi wakiyumba kwa uzito wa vichwa. Nyamizi alimwandalia mumewe uyoga mchanga. Sambwe aliuma, taya zikapishana kama mkasi, uyoga ukaanguka vipande viwili. Akajaribu tena, ukaanguka vinne.

"Shujaa huyo!" mwenzake alimtania toka mlangoni. "Mwambieni mkewe amtafunie!"

Wote walicheka, ingawa hakuna aliyekuwa amekula. Baadaye aliyetania alikutwa amekufa kando ya bustani ya uyoga, chakula kikiwa kimemzunguka. Hapo kicheko kilikoma. Hata hivyo Nyamizi alipotaka kumtafunia, Sambwe aligeukia ukuta.

"Mimi si mtoto," alisema.

Nyamizi hakumbembeleza. Alitafuna uyoga mpaka ukalainika, akasogea karibu naye.

"Umetoka mpakani mpaka hapa," alisema. "Hatua hii moja ndiyo inayokushinda?"

Sambwe aligeuka, akafungua taya zake kubwa, taratibu, asije akamkata. Akalishwa, akameza, akaomba tena.

Mlangoni alikuwa amesimama Lugoha, mwenye taya kubwa kuliko wote. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shemeji, kuna kilichobaki?"

Nyamizi alimtazama, kisha akachukua uyoga mwingine akaanza kutafuna.

Na tangu siku hiyo askari wa mchwa ana kichwa kikubwa na mwili mwembamba. Taya zake hukata adui, hazitafuni chakula. Mdogo asiye na silaha hutafuna kwanza, ndipo amtilie askari kinywani. Ukibomoa kichuguu, utawaona askari wakitoka kusimama kwenye tundu, na wadogo nyuma yao wakiharakisha kuziba ukuta. Ukuta ukishazibwa, askari wengine hubaki nje, wasiweze kuingia tena. Na ndani yuko aliyekwisha kuwatafunia, kinywa kimejaa, akingoja kidogo kabla ya kumeza.