Pimbi na Mechi ya Majabali

Hadithi, hadithi!
— Ije!
Ije na nani?
— Ije na wenzake!
Hii imekuja peke yake. Isogezeeni kigoda.

Paliondokea Pimbi, mzaliwa wa Majabalini, aliyeteremka bondeni kutafuta riziki. Huko bondeni, ndugu zangu, hakuwa na hata mmoja wa kumwambia "unakumbuka?" Basi ikaja michuano ya Kombe la Wanyama, na timu ya Majabali ikafuzu. Pimbi akajipaka uso rangi za kwao, akapita njiani akitamba. Wapi! Hakuna aliyegeuka.

Kibanda umiza, banda la kutazamia mpira, kilikuwa kimoja tu, cha Kiboko. Kiingilio viazi vitamu. Ukitoa, Kiboko anapokea, kafu! anameza. Na utaratibu wake ulikuwa huu: mechi mbili zikigongana, inaonyeshwa ile yenye mashabiki wengi.

Siku ya mwisho ya makundi zikagongana. Majabali wanacheza, Mbuga nao wanacheza, alasiri ileile. Majabali wasiposhinda, wanafunga virago. Swala na punda milia, mashabiki wa Mbuga, walishajaa kwenye mabenchi, wamebanana, wanaimba.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Naomba mechi ya Majabali," akasema Pimbi.

"Marahaba. Mko wangapi?"

"Niko mimi."

"Wewe tu? Nikuwashie televisheni peke yako, wewe nani? Nitokee hapa!"

Pimbi akatoka. Akazunguka nyuma, akaingia kichakani. Akaita kwa sauti ya babu yake: "Majabali hoyee!" Akaita kwa sauti ya shangazi yake: "Majabali hoyee!" Akaita kwa sauti za wadogo zake, wii, wii, wii! Akaita mpaka akawakumbuka wote.

Masikio yakamsimama Kiboko. "Nani hao?"

"Watu wa kwetu, mzee," Pimbi akasema akichomoza. "Ukoo mzima. Wanakuja na viazi, magunia kwa magunia."

Mate yakamdondoka Kiboko, cho, cho, cho. "Nyie wa Mbuga, nje! Nje wote!" Viazi vyao hakurudisha. Akaweka mechi ya Majabali, akakaa mlangoni na kapu.

"Mbona hawafiki?"

"Wako mtoni, mzee. Magunia mazito."

"Mbona hawafiki?"

"Wako mtoni, mzee. Nasikia wameanza kuvila."

"Viazi vyangu!" Kiboko mbio, tifu, tifu, tifu, mpaka mtoni.

Pimbi akabaki na banda zima. Dakika za mwisho, mshambuliaji wa Majabali akageuka, akaachia shuti, pwaa! Goli! Pimbi akaruka, akafungua mikono amkumbatie wa kulia. Benchi tupu. Akamgeukia wa kushoto. Benchi tupu. Akajaribu sauti ya babu yake, ikagoma kutoka. Upweke ukamshika, akalia na rangi zake usoni.

Nje, mashabiki wa Mbuga walikuwa wameizunguka redio ya Kasuku. Timu yao imefungwa vibaya. Wanalia, wanataniana, huyu anampangusa yule kamasi. Pimbi akasimama mlangoni, akawatazama wakienda zao wameshikana mabega. Alitaka kuwaita, lakini ndiye aliyewatoa. Siku ile angeligawa lile goli kwa yeyote, ili mradi afungwe pamoja nao.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi. Na funzo lake, watoto, ni hili: mtu ukiwa na akili, wenzako wa nini?